Rimu ya kaboni: Usajili mgumu kuliko wa straika

KILA mwezi Agosti, uwanja wa mbio za magari wa Hockenheim nchini Ujerumani hujaa vijana wa vyuo vikuu wenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hawa siyo mashabiki. Ni wanafunzi wa uhandisi wanaoshiriki mashindano ya Formula Student, na kila timu imekuja na gari dogo la kiti kimoja ililolichora na kulijenga yenyewe.

Kabla gari halijapewa ruhusa ya kukimbia mbio ndefu ya kilomita 22, kuna mechi nyingine inachezwa mezani. Waamuzi, wengi wao wahandisi wa viwanda vya magari na timu za mbio, wanalizunguka gari. Wanainama. Wanagonga kwa kidole rimu nyeusi ya nyuzi za kaboni. Mwanafunzi anafungua kompyuta mpakato na kuwaonyesha rimu ileile ikiwa imepakwa rangi: bluu, kijani, njano, na doa jekundu karibu na tundu la bolti.

Hapo ndipo linapokuja swali linalotoa watu jasho. Umejuaje kwamba picha hiyo ni kweli?

Jibu baya kuliko yote ni lile la "programu imesema". Ni sawa na kocha aliyepigwa 4-0 kusimama mbele ya waandishi na kudai takwimu za mechi zilikuwa upande wake.

Katika mfumo wa pointi wa mashindano hayo kule Marekani yalikoanzia mwaka 1981, gari linagombea pointi 1,000, na 150 kati ya hizo zinatokana na kuutetea mchoro wake. Lakini pointi ni kitu kidogo. Rimu ya kaboni ikipasuka kwenye kona, tairi linaondoka na dereva aliyeketi sentimita chache kutoka ardhini anabaki bila msaada. Ndiyo maana uchaguzi wa programu ya kupima rimu hiyo kwenye kompyuta, kabla haijatengenezwa, ni usajili ambao timu haiwezi kuufanya kwa kufuata jina la jezi.

KILO MOJA INAYOHESABIWA MBILI

Kwanza, kwa nini watu wahangaike hivyo na rimu? Si wakate uzito sehemu nyingine?

Ishu ni kwamba uzito wa gurudumu hauko sawa na uzito wa kiti au bodi. Gurudumu linasogea mbele na wakati huohuo linazunguka. Injini inalazimika kulisukuma na pia kulizungusha. Kwa hesabu za fizikia, kilo moja iliyokaa ukingoni kabisa mwa gurudumu inaisumbua injini karibu sawa na kilo mbili zilizofungwa kwenye bodi. Wakati wa kufunga breki ni hivyohivyo.

Kuna jingine. Gurudumu liko chini ya springi, halibebwi nazo. Likiwa zito, likirushwa na tuta linachelewa kurudi ardhini, na tairi lililo hewani halishiki barabara. Winga mwenye viatu vya kilo mbili anaweza kuwa na mbio, lakini kugeuka ndiyo shughuli.

Kaboni inaingia hapo. Mchanganyiko wa nyuzi za kaboni na gundi yake una uzito wa takriban gramu 1.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Aluminiamu ina 2.7. Chuma kina zaidi ya 7.8. Ukijua kuipanga, unapata rimu nyepesi na ngumu zaidi kwa pamoja.

MOROCCO MPAKA DETROIT

Wazo hili siyo la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Citroën ya Ufaransa iliuza gari lake la SM likiwa na rimu za hiari kutoka Michelin, zilizotengenezwa kwa gundi iliyoimarishwa kwa nyuzi, zenye uzito usiofika nusu ya zile za chuma. SM ndilo gari lililoshinda mbio za Morocco mwaka 1971, kwenye mawe na vumbi la Afrika.

Hatua kubwa zaidi ilitoka Australia. Kampuni ya Carbon Revolution, yenye kiwanda chake Waurn Ponds karibu na mji wa Geelong, ina mizizi kwenye timu ya wanafunzi wa Formula SAE, yaani mashindano haya haya. Mwaka 2015 Ford ilizindua mjini Detroit gari la Mustang Shelby GT350R likiwa na rimu za kaboni za kampuni hiyo kama vifaa vya kawaida, siyo pambo la kulipia pembeni. Kila rimu ilikuwa na takriban kilo 8, wakati ya aluminiamu ya saizi hiyo ingekuwa na kilo 15.

Hata hivyo, mambo hayakuwa mteremko. Katika majaribio, joto la diski za breki lilikuwa kali kiasi kwamba gundi ya rimu ilihitaji ulinzi. Wahandisi walilazimika kuipaka sehemu ya ndani ya rimu koti la kauri la kuzuia joto, teknolojia iliyozoeleka kwenye injini za turbaini.

Afrika nayo imo. Kampuni ya Blackstone Tek ya Afrika Kusini, maarufu kwa kifupi cha BST, imejenga jina duniani kwa rimu za kaboni za pikipiki.

Cha kushangaza, magari ya langalanga, ambayo bodi yake karibu yote ni kaboni, hayakuruhusiwa kuweka kaboni kwenye rimu. Kanuni za Formula 1 kwa miaka mingi zilidai rimu iwe ya madini, na mwaka 2022 magurudumu yalipohamia inchi 18, timu zote zilipewa rimu za msambazaji mmoja, BBS. Formula Student iliacha mlango wazi. Mwanafunzi wa miaka 21 anaruhusiwa kujaribu kitu ambacho Ferrari na Mercedes wamezuiwa.

KABONI SI CHUMA

Ukitaka kuelewa ugumu wa kuchagua programu, chukua kuni. Ipige shoka kufuata nyuzi zake, inapasuka kama mchezo. Ipige kwa kuzikata nyuzi, mkono unauma. Kaboni ina tabia hiyohiyo. Kufuata nyuzi ina nguvu ya kutisha. Ukiivuta kwa kukatisha, kinachobeba mzigo ni gundi tu.

Aluminiamu haina ubaguzi huo, iko sawa kila upande. Programu ya kupima aluminiamu inahitaji kujua umbo, unene na mzigo, basi. Programu ya kupima kaboni inahitaji kujua kila tabaka: liko la ngapi, lina unene gani, nyuzi zake zimeelekea nyuzi 0, 45 au 90. Rimu moja inaweza kuwa na matabaka manne eneo hili na kumi na mawili eneo la bolti. Ukibadilisha mpangilio bila kuongeza hata gramu moja, unapata rimu nyingine kabisa.

Namna ya kufa pia ni tofauti. Aluminiamu mara nyingi hujipinda kabla ya kukatika, kama beki anayeanza kuchechemea na kuomba kutoka. Kaboni inaweza kuwa nzima kwa macho huku matabaka ya ndani yameachana. Inacheza dakika 89 vizuri, ya 90 inaanguka.

Hapa ndipo wageni wengi wanaingia choo siyo chao. Wamezoea kipimo cha von Mises, ambacho ni cha madini kama chuma na aluminiamu. Wanakiweka kwenye kaboni, picha inatoka safi, bluu tupu, na wanashangilia. Goli la kuotea hilo. Kaboni ina vipimo vyake. Tsai-Wu inatoa namba moja inayosema tabaka limepona au limevunjika. Hashin inaenda mbali zaidi na kutenganisha kilichovunjika: nyuzi au gundi, kwa kuvutwa au kwa kugandamizwa. Ni tofauti ya mwamuzi anayepuliza filimbi tu na yule anayeonyesha kama mpira ulishikwa au mtu alisukumwa. Mtu anayetaka kurekebisha rimu yake anamhitaji mwamuzi wa pili.

NANI YUKO SOKONI

Programu hizi zote zinafanya kazi kwa msingi mmoja. Zinalikata umbo vipande vidogo vingi, kama matundu ya wavu wa goli, zinapiga hesabu ya kila kipande na jirani yake, kisha zinaunganisha majibu. Tofauti ziko kwenye ujuzi wa ziada.

Ansys, iliyoanza mwaka 1970 nchini Marekani, ina sehemu maalumu ya kaboni iitwayo ACP. Nguvu yake ni urahisi wa kupanga matabaka moja baada ya jingine na kuona ni tabaka namba ngapi limezidiwa, siyo rangi ya juu peke yake. Kwa timu changa huyu ni kiungo anayejua kutawanya mipira: hakupi maajabu, lakini timu inatulia.

Abaqus ilizaliwa mwaka 1978 na tangu 2005 iko chini ya Dassault Systèmes ya Ufaransa. Huyu ni mtaalamu wa mechi ngumu. Vitu vinavyogusana na kuteleza, bolti inayokaza, matabaka yanayoachana taratibu, hapo ndipo anapoonyesha ubora. Hashin imo ndani yake tayari. Lakini ni mgumu kufundishwa, na mwanafunzi aliyeanza kumzoea mwezi wa pili anaweza kufika mwezi wa sita bado anapambana na makosa ya kuwasha.

OptiStruct ya Altair ina kipaji cha aina yake. Badala ya kusubiri uipe mpangilio ili iupime, inakutafutia mpangilio. Inafanya hivyo kwa hatua tatu: kwanza inaonyesha wapi unene unahitajika na wapi haufai, pili inakata idadi ya matabaka, tatu inachanganya mfuatano wake mpaka upatikane ulio bora. Kwa timu inayopigania kila gramu, huyu ni straika. Ila straika anafunga goli lolote anapoelekezwa. Ukiipa lengo bovu, itakutengenezea rimu nyepesi sana na isiyofaa.

Wapo wengine. Nastran ilianzia NASA miaka ya 1960 na bado inaheshimika kwenye ndege. LS-DYNA ndiyo ya ajali na vishindo, kama rimu inapobamiza ukingo wa njia. Fibersim inasaidia zaidi fundi: inaonyesha kitambaa cha kaboni kikatweje ili kikae kwenye moldi. Na kwa wasio na kitu mfukoni, kuna CalculiX na Code_Aster, zinazopatikana bure. Hizi ni kama kijana wa mchangani: mpira anaujua, ila hana wakala, hana daktari, na ukikwama utajitafutia mwenyewe majibu.

Na kama mtu anadhani usajili ni wa wachezaji tu, mwaka 2025 klabu zenyewe ziliuzwa. Siemens ilikamilisha kuinunua Altair mwezi Machi kwa thamani ya karibu dola bilioni 10. Julai, Synopsys ikamaliza dili la Ansys lililokuwa na thamani ya karibu dola bilioni 35. Pesa hiyo hakuna straika aliyewahi kuinusa.

LESENI NI KAMA KIBALI CHA KAZI

Wanafunzi wengi hawalipi bei ya kiwandani. Kampuni hizi hutoa leseni za wanafunzi au kudhamini timu, kwa hesabu kwamba kijana wa leo ndiye mhandisi atakayeagiza programu kesho. Lakini leseni za bure mara nyingi huja na masharti, na sharti kubwa ni idadi ya vipande au nodi unazoruhusiwa.

Kwa rimu ya kaboni hilo siyo jambo dogo. Kukiwa na kikomo kidogo, timu inalazimika kutumia matundu makubwa ya wavu. Samaki wakubwa wananaswa, wadogo wanapita. Na kwenye rimu, ufa unaanzia kwa wadogo: kona ndani ya spoku, ukingo wa tundu la bolti, pale kaboni inapokutana na kipande cha aluminiamu cha katikati.

Kwa hiyo timu makini inasoma masharti kabla ya kusaini. Inauliza pia nani chuoni anaijua programu hiyo, maana mwaka kesho nusu ya kikosi kitakuwa kimehitimu. Programu kali iliyobaki na mtu mmoja ni hatari. Akiondoka, anaondoka na ufunguo.

Kisha kuna maswali ya uwanjani. Je, inaonyesha matokeo ya kila tabaka? Ina vipimo vya kaboni au vya madini tu? Inajua kwamba kitambaa kikilazwa kwenye umbo la mviringo, nyuzi hazibaki kwenye nyuzi 45 ulizochora? Funga kanga kwenye mtungi uone: mistari inapinda. Rimu ina mikunjo mingi, na programu isiyohesabu upindaji huo inapima rimu ambayo hakuna fundi atakayeitengeneza. Na je, inaweza kuweka joto? Baadhi ya gundi zinazotumika sana huivishwa kwenye oveni kwa takriban nyuzi joto 120, na breki ya gari la mbio haina aibu ya kufika huko.

KARATASI NA KALAMU KWANZA

Programu yoyote ikishasajiliwa inahitaji mechi ya majaribio. Na mpinzani wa kwanza ni karatasi.

Chukua gari dogo lenye kilo 210 na dereva wa kilo 70. Jumla 280. Likipiga kona kwa nguvu ya mara moja na nusu ya mvutano wa dunia, matairi yote manne yanabeba kwa pamoja msukumo wa pembeni wa karibu newtoni 4,120. Tuseme gurudumu la mbele la upande wa nje linachukua asilimia 40. Hizo ni newtoni 1,650 hivi. Tairi lina kimo cha sentimita 20 kutoka ardhini hadi katikati, hivyo rimu inapindwa kwa nguvu ya newtoni mita 330. Ni kama mtu wa kilo 84 ameketi ncha ya fimbo ya sentimita 40 iliyochomekwa kwenye habu, na hapo uzito wa gari lenyewe haujaongezwa.

Sasa mwanafunzi anafungua programu na kujumlisha nguvu zinazotoka kwenye bolti. Zisiporudi 1,650, kuna kitu kimekosewa, hata picha iwe nzuri namna gani. Pengine kizio cha kipimo, pengine rimu imefungwa mahali ambapo kwenye gari halisi haifungwi.

Hatua inayofuata ni kupunguza ukubwa wa matundu ya wavu na kurudia. Jibu likibadilika sana, punguza tena. Jibu linaloendelea kukimbia kila ukilisogelea halijawa jibu.

Na mara nyingi kinachoamua siyo kuvunjika, ni kulegea. Rimu inayojipinda sehemu ndogo ya digrii kwenye kona inaliinua tairi upande mmoja, na tairi lisilokaa sawa halishiki. Dereva anahisi usukani unachelewa. Ndiyo maana timu nzuri huipa programu malengo mawili, nguvu na ugumu, na huanza na la pili.

Programu hapo ni kama VAR. Inaonyesha vizuri kile kamera ilichoelekezwa. Kamera ikiwekwa vibaya, picha itakuwa safi na uamuzi utakuwa mbovu. Anayeamua bado ni mtu.

KIPANDE KILICHOVUNJIKA

Mpinzani wa mwisho ni maabara. Kaboni ya kwenye kitabu siyo kaboni iliyolazwa usiku wa saa nane na wanafunzi waliochoka. Joto la oveni likicheza, mapovu ya hewa yakibaki, namba zinashuka. Kwa hiyo timu hutengeneza vipande vidogo vya majaribio kwa gundi ileile na oveni ileile, inavivunja kwenye mashine, kisha inaiingizia programu namba zake yenyewe badala ya za kuazima.

Baada ya hapo rimu ya kwanza inafungwa kwenye fremu na kupindwa. Vihisi vilivyobandikwa juu yake vinasoma imenyooka au imebonyea kiasi gani, na namba hizo zinawekwa pembeni ya zile za kompyuta. Viwandani wanaenda mbali zaidi: rimu inazungushwa chini ya mzigo maelfu kwa maelfu ya mara mpaka ichoke, na inaangushiwa uzito ikiwa imelazwa kwa pembe ya nyuzi 13, kuiga kishindo cha ukingo wa barabara.

Kwenye meza ya waamuzi Hockenheim, tofauti huonekana hapo. Kuna timu inayokuja na programu ya bei mbaya na picha za kupendeza, ikapotea kwenye swali la kwanza. Na kuna inayokuja na leseni ya wanafunzi, ukurasa mmoja wa hesabu za mkono, grafu yenye mistari miwili, wa kompyuta na wa maabara, na inaweza kueleza kwa nini mistari hiyo inaachana kidogo kule mwishoni.

Mwamuzi akiuliza wamejuaje, hawaelekezi kidole kwenye kompyuta. Wanamwekea mezani kipande cha kaboni kilichovunjika, na kumwonyesha kwamba kimevunjika palepale walipokuwa wamesema.